Wagiriki Hawakutoa Ng'ombe

Chumba cha Kusomea,
Kiptere.
Jumatatu, 10 Juni 1996

Kwa ndugu yangu mkubwa Isaiah arap Tum,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Syprose, na watoto wote watatu mmoja mmoja kwa jina. Natumaini kikohozi cha yule mdogo kimepungua, maana baridi ya Kaplong mwezi huu haimwonei mtu huruma. Mimi mwili wangu ni mzima. Huku mvua imenyesha bila kukosa, na majani ya chai yamekuja mengi hata wachumaji wanasimama foleni kwenye mizani mpaka saa kumi na mbili jioni. Kama ungekuwa na nafasi ya kupita barabara hii ungesema Mungu ameikumbuka Kiptere.

Barua yako ya tarehe nne niliipata Jumamosi. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi, unajua tabia yangu. Umeniagiza nitie sahihi karatasi ya kamati ya kanisa, niisome mbele ya kanisa tarehe ishirini na tatu, na kuanzia hapo nifunge mdomo kuhusu mambo ya nyumbani kwetu. Umesema nisipofanya hivyo huenda usiwekewe mikono ya uchungaji mwezi wa Agosti, na kazi yako ya miaka minne itapotea kwa sababu ya kitabu cha Wazungu. Halafu ukaniuliza swali moja ambalo nitalijibu, lakini si sasa. Kwanza nataka usikie mambo yalivyokwenda, kutoka kwenye shajara yangu, kwa sababu mpaka leo umesikia upande wa mwenyekiti wao Mzee Zacheus peke yake.

Unakumbuka nilikuandikia mwaka juzi kwamba kanisa lilipokea masanduku ya vitabu vilivyotumika, na mimi nikapewa kazi ya kuvipanga na kuvitunza. Kila Jumamosi alasiri watu wazima wachache hukaa hapa tukasoma pamoja. Anakuja Mwalimu Johana, ambaye alistaafu shule ya msingi. Anakuja Gekara, karani wa kiwanda cha chai, mtu wa maswali. Anakuja Wacuka, fundi wa nguo mwenye cherehani kwenye baraza ya duka la kona. Wengine huja na kukosa kulingana na ng'ombe zao. Tangu Januari tulikuwa tukisoma historia ya Wagiriki wa kale, sura moja kila wiki. Mimi nasoma Kiingereza, kisha naeleza kwa Kiswahili.

Tarehe 11 Mei tulifika sura inayohusu maisha ya nyumbani kule Athene. Humo mlikuwa na kurasa sita kuhusu wanaume waliopenda vijana wa kiume. Mwalimu Johana alipoona picha, mtu mwenye ndevu akimletea kijana jogoo, alishauri tuzivuke kurasa hizo kama watu wanavyovuka mto wenye matope. Gekara akamjibu kwamba anayevuka mto bila kujua kina chake ndiye wanayemtafuta kesho yake kwa kamba. Watu wakacheka, na Mwalimu Johana mwenyewe akacheka, akasema haya, soma, lakini soma haraka.

Sikusoma haraka. Niliwaambia kwamba tukitaka kuwaelewa watu waliokufa zamani, tusiwalazimishe kujibu maswali yetu. Sisi tunauliza mtu huyu ni wa aina gani. Mwathene hakuuliza hivyo. Yeye aliuliza nani mkubwa na nani mdogo, nani huru na nani mtumwa, nani anayefuata na nani anayefuatwa. Mwanamume aliyempenda kijana hakuhesabiwa kuwa mtu wa kabila la peke yake. Alitarajiwa kuoa mke, kupata watoto na kwenda vitani kama wenzake. Lakini baba wa kijana naye aliweka mtumwa wa kumlinda mwanawe njiani, kwa hiyo hata wao wenyewe hawakuwa na neno moja juu ya jambo hilo. Watungaji wa michezo waliwacheka. Mwanafalsafa mmoja aliyeusifu upendo huo akiwa na nguvu zake aliulaumu uzeeni. Raia aliyeuza mwili wake alinyang'anywa haki ya kusema barazani. Na kila mji ulikuwa na sheria zake. Kule Thebe inasimuliwa kulikuwa na kikosi cha wanaume mia tatu, wawili wawili, kila mmoja akipigana kando ya mpenzi wake, wakafa vitani bila kukimbia. Nikasisitiza kwamba inasimuliwa, kwa sababu waliosimulia waliandika miaka mingi baadaye.

Wala sikuwapamba, Isaiah. Niliwaambia kwamba vijana hao mara nyingi walikuwa wadogo mno, na mtumwa hakuulizwa neno. Nikasema leo mtu mzima akifanya hivyo tunampeleka kwa chifu na kwa polisi, na tunafanya haki. Kuelewa si kusifu. Sentensi hiyo niliisema mara mbili, na Gekara aliiandika kwenye daftari lake.

Ndipo Wacuka akauliza kuhusu wanawake. Nikapekua, nikapata nusu ukurasa. Wanaume ndio walioshika kalamu, na hawakuona haja ya kuuliza wake zao walimpenda nani. Palikuwa na mwanamke mmoja wa kisiwani aliyetunga mashairi ya kuwapenda wanawake, lakini yamebaki vipande, mstari hapa na neno pale. Wacuka akasema, nusu ukurasa kwa nusu ya watu, hao Wagiriki wako walikuwa wachoyo. Tukafunga kitabu tukanywa chai.

Hiyo ndiyo dhambi yangu yote. Lakini kutoka Chumba cha Kusomea mpaka dukani kwa Mzee Zacheus ni mwendo wa dakika kumi, na maneno yalinenepa njiani. Mtu mmoja alimwambia mwingine kwamba Tecla anasifu mambo ya Sodoma. Mwingine akakumbuka kwamba Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki. Basi mpaka Jumatano habari ilikuwa kwamba Tecla amefundisha kuwa walioandika Agano Jipya walikuwa watu wa Sodoma. Mama mmoja alinisimamisha sokoni, akiwa na kabichi mkononi, akaniuliza kama ni Mathayo au ni Luka.

Tarehe 29 Mei kamati iliniita ofisini baada ya maombi ya asubuhi. Walikuwa wazee watano, na Mzee Zacheus kwenye kiti cha mwenyekiti. Mwalimu Johana aliitwa kama shahidi. Karatasi ilikuwa imekwisha kupigwa taipu. Ilisema kwamba mimi, Tecla Chemutai Tum, nilifundisha uchafu nikijua ni uchafu, na kwamba yote niliyosema yalikuwa uongo. Nikawaambia ninaweza kukiri kosa ambalo nimelifanya, lakini siwezi kuandika kwamba jambo ni uongo wakati limeandikwa kitabuni na nimelisoma kama lilivyo. Nikawaomba wamuulize Mwalimu Johana. Mwalimu alikohoa, akasema kwa kweli Tecla hakusifu, alieleza tu, ingawa yeye binafsi alishauri kurasa zile zivukwe.

Mzee Zacheus hakupenda jibu hilo. Akafungua faili yangu ya kazi. Akasoma kwa sauti kwamba nilizaliwa mwaka wa 1966, na kwamba baba yangu Kiptum alifariki mwaka wa 1949. Akavua miwani, akawatazama wenzake, akaniuliza, binti Tum, baba yako alikuzaa akiwa kaburini miaka kumi na saba? Hata hesabu zako ni za Kigiriki! Ofisi nzima ilicheka. Kisha akatoa barua ile uliyoniandikia ya kunidhamini nilipoomba kazi hii, ambayo ndani yake ulisema baba yetu alifariki mwaka wa 1967. Akaziweka karatasi mbili kando kwa kando na kusema kwamba mmoja wa watoto hawa wa Tum ni mwongo, na kama si mchungaji mtarajiwa, basi ni huyu hapa.

Isaiah, ungefanya nini? Wewe ndiye uliyebadilisha mwaka. Najua kwa nini ulifanya hivyo. Ulipoingia chuo cha Biblia uliogopa kwamba wataona tarehe wakaanza kuuliza, na nikanyamaza kwa sababu lilikuwa jambo lako. Lakini pale mezani nilitakiwa kuchagua kati ya kuitwa mwongo na kumtaja Kogo. Nikamtaja Kogo.

Niliwaeleza kwa utaratibu, kwa kuwa baadhi yao hawatoki kwetu. Nikasema Kogo, yaani nyanya yetu Rodah, alikuwa mke wa Kiptum, na Kiptum akafa kabla nyumba yao haijapata mtoto. Kwa mila ya Kipsigis nyumba ya mwanamke haiachwi ianguke. Kogo akaenda kwa wazee, akatoa ng'ombe, akamwoa mama yetu Chepkemboi kama mume anavyooa mke. Sisi tuliozaliwa ni watoto wa nyumba ya Kiptum kwa njia ya Kogo, na yule aliyetuzaa kwa mwili hana dai lolote kwetu. Mwalimu Johana hapo akaacha kukohoa. Akasimama wima akasema hii inaitwa kitum chi toloch, ni kama kuweka nguzo ya kuiegemeza nyumba, na shangazi yake mwenyewe alioa hivyo kule Bomet, na mtu asicheke tena.

Mzee Zacheus akasema kumbe ni mambo ya ukoo, wanawake kuoana, na Sodoma imeanzia nyumbani. Mzee Muchiri, ambaye anatoka kwao Zacheus, akamwambia polepole kwamba hata huko kwao Nyeri nyanya yake yeye mwenyewe alimwoa mwanamke kwa njia hiyo hiyo, na alizikwa kwa heshima. Zacheus akamjibu kwamba hilo halimo kwenye ajenda.

Nikawaambia wazee kwamba wamefanya kosa moja mara mbili. Wamewatazama Wagiriki wakaona Sodoma, wamemtazama Kogo wakaona Wagiriki. Kogo hakuoa kwa mahaba. Hakulala chumba kimoja na mama. Alioa ili jina lisife na shamba lisichukuliwe na watoto wa shemeji zake. Anayesema ni jambo lile lile na la Athene hajui Athene wala kwetu Longisa. Kila jambo liulizwe kwa watu wake, wakati wake, na sababu zake, kisha ndipo tuhukumu, kama bado tuna hamu ya kuhukumu. Mzee Zacheus akaandika kitu, akasema nimepewa mpaka tarehe 23, na kwamba utaalikwa uje usimame kando yangu nikisoma. Nikikataa nitoe vitu vyangu Chumba cha Kusomea, na jina langu litolewe kwenye orodha ya washiriki.

Kwa hiyo nakuomba radhi kwa jambo moja tu, kwamba ulisikia haya kutoka kwa Zacheus kabla hujayasikia kutoka kwangu. Ilinipasa kukuandikia jioni ile ile. Kuhusu kuyasema, siombi radhi.

Siku ya Madaraka, tarehe mosi, nilikwenda nyumbani. Kogo macho yake yamepungua lakini masikio ni mazima, na bado anapanga mwenyewe vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, na kumfokea mama akigusa. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama hao Wagiriki walitoa ng'ombe. Nikasema hapana, walipeana jogoo. Akasema basi hiyo si ndoa, mambo yao wayajue wenyewe, na mtu asimtie yeye katika habari za majogoo. Mama alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. Halafu Kogo akasema nikufikishie maneno haya kama alivyoyasema. Alitoa ng'ombe sita kwa ajili ya mama yako, mchana, mbele ya watu, na wewe unamficha kama mtu aliyeiba. Anauliza ni lini mara ya mwisho ulipita pale. Nilimwambia una kazi nyingi. Akasema hata mvua ina kazi nyingi lakini huja Longisa.

Sasa nalijibu swali lako. Umeandika, na umepigia mstari, kama mambo hayo hayakuhusu, kwa nini unayapigania? Nimelikalia swali hilo siku mbili. Ningeweza kukujibu kwamba napigania ukweli wa historia, na lingekuwa jibu zuri la mtu aliyefaulu mtihani. Lakini nimekulaumu kwa kubadilisha mwaka kwenye karatasi, na siwezi kukulaumu kisha nikafanya kama wewe.

Yananihusu. Nampenda Wacuka. Sisemi kama rafiki, ingawa ni rafiki yangu pia. Nampenda kama wewe unavyompenda Syprose, na yeye ananipenda hivyo. Shajara yangu inasema ilianza tarehe 19 Novemba 1994, siku aliyokuja kupima dirisha la Chumba cha Kusomea ili ashone mapazia, akalipima mara tatu. Ninakuandikia jina lake kwa ruhusa yake. Ameisoma barua hii kabla sijaifunga, na mahali pawili amenisahihisha.

Utasema ndiyo maana nilisoma kitabu kile. Ni kweli. Sanduku lilipofunguliwa mimi ndiye niliyekitafuta, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba Wagiriki walikuwa na habari za watu kama mimi. Nilikisoma peke yangu kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla ya kuwasomea wengine, nikijitafuta. Sikujikuta humo, Isaiah. Nilikuta wanaume wakubwa na vijana wadogo, watumwa, majogoo, na sheria za watu waliokuwa na miji yao. Nikageuka kwetu nikamtazama Kogo, kwa maana watu wangesema kama Kogo aliweza kuoa mwanamke, mimi je? Lakini kwa Kogo pia simo. Nikijificha nyuma yake nitakuwa nimemdanganya, na akijua atanifukuza kwa fimbo yake ile ya mlango, nami nitakuwa nimestahili. Basi nilipowaambia wazee kwamba kila jambo liulizwe kwa watu wake na wakati wake, nilijua ninajinyima kimbilio. Ningeweza kusema hata Wagiriki walifanya. Ningeweza kusema hata Wakipsigis walifanya. Sikusema, kwa sababu si kweli, na sihitaji Mgiriki wala mzee wa mila anipe ruhusa. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini, Wacuka ana thelathini na miwili, hakuna mkubwa wala mdogo, hakuna aliyemnunua mwenzake. Sisi ni wa Kiptere, wa mwaka huu. Anayetaka kutuelewa atuulize sisi.

Zacheus hajui. Ukimwambia, tutapoteza zaidi ya kazi. Cherehani ya Wacuka iko kwenye baraza ya watu, na wewe unajua watu wanaweza kufanya nini wakisikia neno kama hili kwenye mkutano wa injili. Nimeliweka mikononi mwako nikijua uzito wake. Sikuliweka ili unihurumie. Nimeliweka kwa sababu uliniuliza, na kwa sababu umeniomba ninyamaze maisha yangu yote, na mtu humwombi anyamaze kama hujui anachonyamazia.

Kuhusu tarehe 23. Karatasi yao niliirudisha leo asubuhi kwenye bahasha, nyeupe mahali pa sahihi kama ilivyokuja. Vitabu nimevipanga na orodha nimeiandika upya ili atakayekuja asihangaike. Kile cha Wagiriki nimekirudisha rafuni mahali pake, kati ya Misri na Roma. Sikukichoma kama ulivyoshauri. Jumapili hiyo nitakwenda kanisani kama kawaida, nitaimba, na jina langu likisomwa nitasimama nisikie likisomwa, kisha nitakaa. Sitatoka nje mpaka baraka ya mwisho. Ukija, usije kusimama kando yangu ili niombe radhi, maana utasimama bure mbele ya watu wote. Lakini kama utakuja kukaa, benchi ni ndefu. Wacuka atakuwa upande wangu wa kulia.

Msalimu sana wifi Syprose, mwambie kitambaa alichoagiza kimepatikana. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Kogo na mama wanawasalimu, na mama anasema msisahau chupa zake za maziwa mlizobeba Krismasi. Mungu awalinde katika njia zote za Kaplong.

Karatasi yao haina jina langu. Hii ninaitia sahihi kwa mkono wangu,

dada yako,
Tecla Chemutai Tum